Yalta safi, Tehran ya waya au Casablanca iliyochorwachorwa: ungekuwa wewe ungechukua ipi?

Kabati la Picha: Wakuu, salamu. Nakusanya picha za magazeti za mikutano ya viongozi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na safari hii mfuko unaruhusu moja tu. Zipo tatu. Yalta, Februari 1945: Churchill, Roosevelt na Stalin wamekaa uani mwa kasri la Livadia, karatasi inang'aa, haina hata alama ya kidole, mgongo mweupe pe. Ya pili ni Tehran, 1943, iliyotumwa kwa waya. Ina ukungu na mistari, lakini nyuma kuna mhuri wa Desemba 1943 na karatasi ya maelezo imebandikwa. Ya tatu ni Casablanca, Januari 1943, majenerali wa Ufaransa Giraud na de Gaulle wanapeana mikono huku Roosevelt na Churchill wameketi. Inaonekana vizuri mno, ila kuna mtu wa gazetini aliipaka rangi nyeupe kuzunguka vichwa na kuichora kwa penseli nyekundu ya nta. Moyo wangu uko Yalta. Nishaurini.

Mzee wa Negativu: Moyo uweke pembeni kwanza. Picha hizi tunanunua mgongo, uso baadaye. Picha nyingi za Yalta tunazozijua zilipigwa na wapiga picha wa jeshi la Marekani, kwa hiyo ni mali ya umma, na zimesafishwa tena na tena kutoka negativu, yaani filamu ya kamera, hadi leo. Bila mhuri wala maelezo, utajuaje hiyo ilisafishwa lini?

Taa ya Bluu: Mimi nililizwa hivyo hivyo. Nilinunua Potsdam, ile ya Attlee, Truman na Stalin, muuzaji akaapa kwamba ni ya 1945. Nikazima taa chumbani, nikaimulika kwa kurunzi ya urujuanimno. Ikawaka bluu kama shati jeupe lililotoka kufuliwa! Dawa ya kung'arisha ilianza kutiwa kwenye karatasi za picha miaka ya 1950. Ikiwaka, si ya wakati wa vita. Isipowaka usishangilie bado, maana karatasi zisizo na dawa hiyo ziliendelea kutengenezwa.

Binti Makavazi: Naona Tehran mmeiruka kabisa. Shirika la Associated Press lilianza kutuma picha kwa laini za simu mwaka 1935. Picha ilizungushwa kwenye silinda, mwanga ukaisoma mstari kwa mstari, na mashine ya upande wa pili ikaichora upya. Za ng'ambo ya bahari zilipitia redio. Hiyo mistari unayoilalamikia ndiyo alama ya safari yake, na mara nyingi hata maelezo yamo ndani ya picha yenyewe kwa sababu yalitumwa pamoja nayo. Ni kitu kilichotua chumba cha habari wakati habari ingali moto. Mimi ningeichukua hiyo.

Mzee wa Negativu: Uhalisi wake sibishi, Binti. Lakini ukiisogeza karibu na macho, masharubu ya Stalin ni doa tu. Iliyosafishwa kutoka negativu ya kwanza unahesabu vifungo vya koti. Casablanca hiyo ndiyo yangu.

Kabati la Picha: Hata na ile rangi? Nilifikiri ningeifuta kwa pamba yenye maji.

Mzee wa Negativu: Weeee! Usithubutu. Karatasi ya gazeti hunywa wino, nywele nyeusi mbele ya kivuli zinapotea kabisa, ndiyo maana wakapaka. Rangi ile huyeyuka kwa maji na hairudi. Halafu linganisha pozi: siku ile walirudia kupeana mikono kwa ajili ya wapiga picha, kwa hiyo picha si moja.

Taa ya Bluu: Na ukiipata, isikae kwenye mifuko laini ya PVC. Tumia ya poliesta, na selotepu iwe mbali nayo. Mhuri nao usikuchanganye: kwa kawaida ni tarehe ya kuchapishwa au ya kuingia kabatini kwa gazeti, si ya kupigwa picha.

Kabati la Picha: Mrejesho. Nilimwomba muuzaji aimulike Yalta, amekuwa mkali ghafla. Tehran imeshachukuliwa na mwingine (Binti, ni wewe?). Casablanca amenitumia mgongo wake. Ina mihuri mitatu: Januari 1943, Juni 1958, Novemba 1970.

Binti Makavazi: Sisemi kitu kuhusu Tehran. Ila hiyo mihuri inasomeka: Juni 1958 de Gaulle alirudi madarakani, Novemba 1970 alifariki. Kila alipogonga vichwa vya habari, waliitoa kabatini.

Kabati la Picha: Basi sasa naielewa ile penseli. Nimeukuza ule mstari mwekundu: unashuka katikati ya viganja viwili, kuonyesha picha ikatwe wapi. De Gaulle yumo ndani, na mkono wake umeshika hewa. Giraud amebaki nje. Nimeilipia.