Grafu ya mstari ya sensa za Tanzania: mbona kasi inaonekana kupungua baada ya 2002?

Mwalimu wa Jiografia:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaandaa somo la idadi ya watu kwa kidato cha tatu, na nimechukua matokeo ya sensa sita zilizofanyika tangu Muungano: watu milioni 12.3 mwaka 1967, 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012 na 61.7 mwaka 2022. Nimeyaingiza kwenye Excel nikachora grafu ya mstari. Kinachonitatiza ni kwamba kipande cha 1988 hadi 2002 kimepanda kwa ukali zaidi kuliko kile cha 2002 hadi 2012, kana kwamba ongezeko lilipoa ghafla. Mwanafunzi niliyemwonyesha rasimu aliniuliza papo hapo mwaka 2002 kulitokea nini, nami sikuwa na jibu. Je, ndivyo ilivyokuwa, au nimekosea mahali? Aidha, nilipoongeza mstari wa Zanzibar, ulilala chini kabisa wala hausomeki.

Karani Mstaafu:
Mwalimu, kosa halimo katika takwimu zako, limo katika mhimili wa mlalo. Chukua rula upime kwenye karatasi umbali wa kutoka 1978 hadi 1988, kisha wa kutoka 1988 hadi 2002; bila shaka utakuta ni sawa, ilhali cha kwanza ni kipindi cha miaka 10 na cha pili ni cha miaka 14. Chati ya mstari ya Excel isipoelekezwa vinginevyo huichukulia miaka kama majina tu, kama ambavyo ingechukua majina ya mikoa, na kuyapanga kwa nafasi sawa. Ongezeko la miaka 14 likibanwa katika nafasi ya miaka 10, mstari hauna budi kusimama.

Gawanya mwenyewe uone. Kati ya 1988 na 2002 waliongezeka watu milioni 11.3, yaani wastani wa takribani laki 8 kwa mwaka. Kati ya 2002 na 2012 waliongezeka milioni 10.5, yaani zaidi kidogo ya milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo baada ya 2002 mstari unapaswa kupanda zaidi, si kupoa. Dawa yake ni kuchagua chati ya mtawanyiko yenye nukta zilizounganishwa kwa mistari, kwa sababu hiyo huusoma mwaka kama namba. Nukta zenyewe usizifute: ndizo sensa, na mstari ulio katikati yake ni makisio yetu tu. (Usione haya. Mimi niliwahi kupeleka ripoti ambamo safu ya miaka ilichorwa kama mstari wa pili, ukanyooka juu karibu na 2000, na hakuna aliyeuliza.)

Msomaji wa Ramani:
Kwa nukta sita tu, je, pau zisingetosha? Pau hazimdanganyi mtu kuhusu kilichotokea katikati.

Karani Mstaafu:
Ndugu, pau zingefaa kama angetaka kulinganisha ukubwa wa sensa moja na nyingine. Swali la mwalimu ni la kasi, na kasi husomwa kwenye mwinuko wa mstari. Isitoshe, pau nazo zingepangwa kwa nafasi sawa, na pengo la miaka 14 lingepotea vilevile.

Mchambuzi wa Pwani:
Kuhusu Zanzibar, tatizo ni ukubwa wa skeli. Watu wapatao laki tatu na nusu mwaka 1967, na wapatao milioni 1.9 mwaka 2022, hawawezi kuonekana kwenye mhimili unaofika milioni 70. Hata hivyo mstari huo uliolala unaficha jambo zuri. Ukiifanya sensa ya 1967 kuwa 100 kwa kila upande, Tanzania nzima inafika takribani 501 mwaka 2022, na Zanzibar takribani 533. Yaani mstari ulioonekana kulala ndio uliokua kwa uwiano mkubwa zaidi. Ningechora grafu mbili, moja ya idadi na nyingine ya fahirisi hiyo, kuliko kuweka mihimili wima miwili kwenye grafu moja, jambo ambalo huwachanganya hata watu wazima.

Mwalimu wa Jiografia:
Ninawashukuru sana. Nimechora upya kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, milimita 2 kwa kila mwaka na sentimita 1 kwa kila watu milioni 5. Kipande cha 1988 hadi 2002 sasa kina urefu wa sentimita 2.8 kwa mlalo, na ule mpindo wa 2002 umetoweka; mstari unazidi kusimama hadi mwisho. Fahirisi ya Zanzibar nimeiweka kwenye grafu ya pili. Kwa kuwa nakala za darasani hutoka nyeusi na nyeupe, majina nimeyaandika kwenye ncha ya kila mstari badala ya kutegemea rangi.