Wazazi wa Tanga, hiki kitabu cha "kila mtu anaandika" kimetufikisha pabaya

Wakuu, salamu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa vishikwambi, hili ni jambo jingine.

Mie mzazi, naishi Mabawa. Binti yangu yuko kidato cha kwanza shule moja hapa mjini, jina naliweka kando maana bado nataka asome kwa amani. Mwaka huu wakatuletea mapya: somo la Historia ya Tanzania na Maadili litatumia kitabu cha mtandaoni ambacho walimu na wanafunzi wanakiandika wenyewe kwa pamoja. Tukaambiwa kuna mchango wa tehama. Tukatoa.

Sasa sikieni. Mada ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia, tena mapigano ya Tanga! Mji wetu wenyewe. Novemba 1914 Waingereza walishuka Raskazone na jeshi la watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India, wakachapwa na kikosi cha Wajerumani chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, ambacho hakikufika hata robo yao. Nyuki nao wakamalizia. Mji waliuchukua baadaye sana, Julai 1916. Kwenye kitabu hicho mjuaji mmoja kayachanganya yote mawili: "Waingereza waliuteka mji wa Tanga Novemba 1914." Darasa zima likanakili kwenye madaftari. Karibu na mtihani mtu mwingine akarekebisha, kimya kimya. Waliojibu kama walivyonakili wamekosa. Binti kapeleka daftari lake, kaambiwa "kasome kitabu". Kitabu kipi? Cha Jumatatu au cha Alhamisi?

Nikaenda shuleni kuuliza nani aliandika sentensi ile. Mwalimu, kijana mstaarabu tu, akafungua historia ya mabadiliko, maana mfumo wenyewe unatunza kila kilichoongezwa na kufutwa, pamoja na saa na jina la mhusika. Nikasema hapa sasa mtu anapatikana. Jina lilikuwa moja kuanzia juu mpaka chini: Kidato1A. Wanafunzi wote wanaingia kwa akaunti moja, na nywila imeandikwa ubaoni kwa chaki. Wallahi nilicheka kwa hasira.

Msije mkaniambia sipendi maendeleo. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na yeyote anaandika, lakini kila ukurasa una mahali pa kubishania, na ukichezewa sana wakabidhi, yaani wasimamizi wake, wanaufunga. Hawa wetu wamechukua ule uhuru wa kuandika, usimamizi wakauacha hukohuko. Na vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo kwenye maktaba mtandao, vinasomwa bure, vimepitiwa na vina ithibati. Kwa nini hiki cha darasani kisilinganishwe hata na hicho kabla ya kumpa mtoto?

La umeme na bando silirefushi, mnalijua. Asiye na simu nyumbani anangoja zamu chumba cha kompyuta, na umeme ukikatika ndiyo basi.

Ninachotaka: kila mtoto awe na akaunti yake. Mwalimu wa somo aipitie sura, aweke jina lake, kisha ifungwe wiki moja kabla ya mtihani na nakala iliyochapishwa ibaki darasani. Akitaka kuandika mtoto aandike, tena ni zoezi zuri, ila rasimu ikae kando mpaka ikaguliwe. Na mtihani ule usahihishwe upya kwa kuangalia madaftari.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Kama humu kuna mwalimu ambaye shule yake inatumia kitabu cha namna hii na hakijawavuruga, aje aeleze wanafungaje sura na nani anakagua, nikachape niende nayo kikaoni. Wale wa "mzee umepitwa na wakati" povu ruksa, ila kwanza mniambie alama za mwanangu anazirudisha nani.