Naomba ushauri: ubani wa mtangazaji wetu tuufikishe vipi kwa mjane?

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Sisi ni wasikilizaji wa Ujiji na Mwanga, hapa Kigoma, ambao kwa miaka mingi tulikuwa tukipiga simu katika kipindi cha mazungumzo cha asubuhi. Mtangazaji wake amefariki ghafla na akazikwa siku hiyo hiyo, kabla wengi wetu hatujapata habari. Mimi nilijua pale nilipofungua redio nikasikia sauti ya mtu mwingine, na hadi leo inaniuma.

Tumechanga ubani na kuuandika jina kwa jina katika daftari. Mjane yuko kwenye eda ya miezi 4 na siku 10, na wachangaji wengi ni wanaume wasio jamaa zake. Tulimwendea shemeji yake, akataka tumkabidhi yeye, lakini wenzetu wanasisitiza kwamba fedha zifike mkononi mwa mjane na watoto.

Je, tukiwatuma akina mama wawili wampelekee mwenyewe, tutakuwa tumemvunjia heshima shemeji? Na barua ya kukiomba kituo nakala za vipindi vyake, ili watoto wabaki na sauti ya baba yao, tuiandike sisi au iandikwe na familia?