Tupeane uzoefu wa sifa za Kihispania: umeitwa "bombón", "mango" au "papi", ukaelewa nini?

Mleta Uzi: Wakuu, jana bibi mmoja wa Kikolombia, mteja wetu, kamwangalia kijana wa mapokezi akasema "¡qué churro!" Kijana kanuna mpaka jioni. Anachojua yeye, churro ni yale maandazi marefu wanayochovya kwenye chokoleti. Kumbe kwa Wakolombia ni kijana mtanashati! Hispania nako mtu akivutia wanasema yuko kama treni, "como un tren", au kama jibini. Jibini jamani. Leteni ya kwenu.

Mzee wa Nungwi: Sisi waongoza watalii kila Agosti tunaitwa "bombón". Ni pipi ya chokoleti. Ukiitwa hivyo usitaje bei, anakusifia.

Binti Mkunazini: Nimesoma Cuba. Kule "papi" na "mami" usizipapatikie. Mama anamwita mwanawe wa miaka mitatu papi, kama sisi tunavyomwambia mtoto "njoo baba". Mwenzetu mmoja aliambiwa "papi, mi vida" (maisha yangu) na muuza kahawa, akaenda kununua shati jipya. Yule mama ana wajukuu! Ila kijana mzuri wanamwita mango, embe, na hapo tumeelewana nao moja kwa moja.

Chande: Embe dodo 😂😂

Saladi Bronx: Mmenikumbusha ngumi za jikoni. Mimi nilikuwa upande wa saladi, kwenye jiko la kuchomea yuko Mmeksiko, kwenye sinki Mdominika, wa Jamhuri ya Dominika. Watu wa kuchangia sigara kabisa. Ijumaa moja oda zimefurika, dada yake Mdominika kaja kumletea funguo, kapitia mlango wa nyuma. Kapendeza kweli, sikatai. Mmeksiko, kwa roho safi, akapiga mluzi: "¡Qué cuero, tu hermana!" Sasa cuero ni ngozi. Meksiko mtu akiwa ngozi, basi ni mzuri wa kuua. Santo Domingo cuero ni malaya. Mdominika akafunga bomba taratibu, na ile taratibu ndiyo iliyonitisha. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mashine ya vyombo. Kufumba na kufumbua sufuria imeruka, mchuzi wa nyanya uko ukutani. Mmeksiko anapiga kelele "namsifia! ni cuero kweli!" Mwenzake ndiyo kwanza anapanda, maana anasikia tusi linarudiwa. Nikaingia kati na sinia la chuma, likabonyea. Aliyetuokoa ni mpishi mkuu, mama wa Puerto Rico, aliyezijua maana zote mbili. Aliwafokea wote wawili kwa pumzi moja. Dada mwenyewe kaegemea friji, anacheka mpaka machozi.

Chande: Uzi umefungwa. Ya ngozi imeua.

Kaka Mkubwa: Huyo Mdominika mshamba tu. Angeuliza kwanza.

Saladi Bronx: Mkuu, dada yako aitwe hivyo mbele yako pale Manzese, utauliza?

Kaka Mkubwa: Mimi sina dada.

Teacher Wanjiku: Wueh. Mchunge pia "ser" na "estar", vitenzi viwili vya "kuwa". Shemeji yangu alitaka kumwambia mkewe mezani, huko Valencia, kwamba mama mkwe ni mtu mwema. Alipaswa kusema "es muy buena". Akasema "está muy buena", yaani mama huyu ana mwili wa kutamanisha. Baba mkwe akaweka uma chini.

Mzee wa Nungwi: Ushauri wa bure: semeni "guapo" kwa mwanamume na "guapa" kwa mwanamke, yaani mzuri, haina madhara.

Binti Mkunazini: Baba, hiyo ni ya Hispania. Cuba guapo ni mbabe wa mtaani. Kwa Wadominika, ukisema mtu "está guapo" umesema amekasirika.

Saladi Bronx: Nathibitisha. Siku ile alikuwa guapo sana.

Teacher Wanjiku: Na nyie wa kuwarushia wapita njia "mamacita", yaani "mrembo", Peru ilitunga sheria dhidi ya usumbufu wa hivyo mitaani mwaka 2015, Chile ikafuata 2019.

Kaka Mkubwa: Kwa hiyo kumsifia mtu ni jinai? Wenyewe wana neno lake kabisa, piropo, na wazee wao waliichukulia kama sanaa.

Binti Mkunazini: Sanaa kwa nani? Vaa gauni, upite kwenye kijiwe, utuletee mrejesho.

Kaka Mkubwa: 🙄

Mgeni Mwema: Samahani wakuu, naomba msaada wa haraka. Nimetuma picha kwenye kundi la kazi, mtu wa Barranquilla, Kolombia, kanijibu "estás muy rico". Mimi hata kodi ya mwezi huu sijalipa. Utajiri ameuona wapi?

Teacher Wanjiku: Ukiwa na "estás" siyo tajiri. Ni mtamu.

Mgeni Mwema: Mtamu?? Nijibu nini sasa?

Mzee wa Nungwi: "Gracias", basi.

Binti Mkunazini: Usijibu kitu, ni kundi la kazi.

Chande: Jibu, ila ufute kabla shemeji yetu hajaiona.