Choya yangu imeota ukungu ndani ya mifuko, nilikosea wapi kwenye kukausha?

mama_nyemo
Wadau habari za jioni. Nipo Hombolo, Dodoma. Msimu huu nilipanda choya (rozela, yale maua mekundu ya juisi) robo eka, nikasia Desemba mvua zilipokolea, na kuanzia Mei nikaanza kuchuma. Kidogo niliuza mbichi soko la Majengo, iliyobaki nikaona niikaushe, maana mbichi hainisubiri na mteja wa choya kavu yupo mwaka mzima.

Nilifanya hivi. Nilichuma maua, nikatoa lile tumba la mbegu la katikati, nikaosha, nikayaanika juu ya bati la banda la kuku. Siku ya tatu ukiyashika yanalia kacha kacha. Nikayafungasha kwenye mifuko ya nailoni ya gramu 100 na kuziba midomo kwa moto wa mshumaa. Nilipata mifuko 58.

Baada ya wiki mbili nimefungua mmoja nikakuta weupe kama unga kwenye vitako vya maua, na harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Upande uliogusa bati umekuwa mweusi. Nimekaa chini nikalia, sisemi uongo, kwa sababu ada ya mtoto niliitegemea hapo.

Nilikosea wapi? Na mifuko ambayo haijaonyesha weupe, nikianika tena itafaa? Shambani bado kuna maua ya kuchuma.

Mzee_wa_Mvumi
Pole sana mwanangu. Hujashindwa kilimo, umefungasha mapema mno.

Chukua ua moja kati ya hayo makavu, lipasue kwa kisu kuanzia kwenye kitako. Ncha zake ni nyembamba, zinakauka siku ya kwanza na ndizo zinazolia kacha kacha. Kitako ni kinene na kina nyama. Ukikipasua ukakuta ndani bado pana wekundu mbichi, pananata kidoleni, basi hilo ua ni bichi hata likilia namna gani. Ukilifungia kwenye nailoni, unyevu wa kitako unatoka taratibu na kurudi kwenye ncha, mfuko mzima unalowana kwa ndani. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo.

Halafu umesema uliosha baada ya kutoa tumba. Ua likishatolewa tumba linakuwa kama kikombe, maji yanatuama humo. Osha yakiwa mazima, yachuje yakauke maji ya juu, ndipo utoe mbegu. Mimi huwa napasua kabisa kila ua mara mbili. Kazi inaongezeka, lakini siku za kuanika zinapungua.

Na bati achana nalo. Choya ni kali, ina asidi, inakula madini ya bati, na bati la saa nane mchana linaunguza kama kikaango.

jua_kali_dom
Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye jua sikubaliani sana. Bibi zetu Ugogo wote wanaanika ilende (ile mboga ya mlenda) juani, inakaa mwaka mzima kwenye kibuyu wala haioti chochote. Mama anike juani siku sita badala ya tatu, basi.

Mzee_wa_Mvumi
Marahaba. Ilende ni jani, mwanangu. Ni jepesi, upepo ukilipita mara mbili limekwisha, na tena linapondwa. Usililinganishe na ua lenye nyama. Isitoshe mlaji wa ilende haangalii rangi, ila choya inanunuliwa kwa wekundu wake, na wekundu huo unaharibiwa na jua kali na mwanga. Siku sita juani atapata maua makavu ya kahawia. Nani atayanunua?

fundi_vichanja
Naongezea la vifaa. Dada, tengeneza kichanja cha miti, kimo cha kiunoni, tandika wavu wa plastiki wenye matundu ili upepo upite chini na juu. Paa lake liwe nyasi au wavu mweusi wa kivuli, si bati. Juu ya maua funika chandarua safi ambacho hakijatiwa dawa. Hicho ni cha lazima kwa huku kwetu, Juni na Julai upepo unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria.

Tandaza tabaka moja, yasilaliane. Geuza asubuhi na jioni. Jioni yaingize ndani au yafunike turubai, usiku wa kipupwe hewa inapoa na maua makavu yanavuta unyevu kama chumvi.

Dodoma tumebarikiwa upepo mkavu. Wenzetu wa Pwani wanahangaika na hewa ya bahari, sisi kivuli na upepo vinatosha.

nesi_mstaafu
Mama Nyemo, nakujibu swali ambalo wenzangu wamelipita. Mfuko wenye weupe au harufu, tupa wote. Usichambue ukatoa yaliyoharibika na kubakiza mazuri. Weupe unaouona ni ukungu ulioshakomaa, nyuzi zake zimepita mbali kuliko macho yanavyoona, na sumu za ukungu hazitoki kwa kuanika wala kwa kuchemsha. Kuku pia usiwape.

Mwaka 2016 hapa Dodoma na wenzetu wa Manyara tulizika watu kwa sumukuvu ya mahindi. Sisemi choya yako ina sumu hiyo hiyo. Nasema mkoa huu haufai kudharau ukungu kwenye chakula.

Mifuko isiyo na weupe wala harufu, fungua yote leo, usisubiri kesho. Pasua maua matano matano kutoka kila mfuko kama Mzee alivyoeleza. Yenye vitako vinavyonata lakini hayana dalili yoyote, rudisha kichanjani. Ukiwa na shaka na mfuko, utupe.

mama_nyemo
Asanteni, nimefungua yote. Nimetupa 23. Imeniuma lakini nimefukia shimoni.

Sasa nitajuaje kwa hakika kwamba yamekauka? Jirani kaniambia nitie chumvi kwenye chupa nitikise, kama tunavyopima mahindi.

fundi_vichanja
Chumvi iache kwenye mahindi, huku itakuharibia ladha. Tumia mizani. Pima maua yaliyotolewa mbegu kabla ya kuanika. Kilo 10 mbichi zinashuka hadi karibu kilo 1. Ukipima ukakuta kilo 2, humo bado kuna maji, hata mkono ukikwambia yamekauka.

Mzee_wa_Mvumi
Baada ya mizani, chupa. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa, ijaze maua mpaka theluthi mbili, funga, weka kabatini gizani. Kesho yake iangalie. Ukiona jasho kwenye kioo, au maua yaliyokuwa yanalia yamelegea, mwaga yote kichanjani. Kama ni makavu, tikisa, fungua kidogo yapumue, funga tena. Fanya hivyo siku saba. Hapo maua yenye unyevu kidogo na yaliyokauka zaidi yanalingana, ndipo ufungashe.

Na usifungashe yakiwa ya moto kutoka nje. Yaache kivulini yapoe, uyafunge mchana hewa ikiwa kavu, si asubuhi.

juisi_majengo
Mimi ni mnunuzi, naomba mnisikie na mimi. Mkulima akiniletea choya, kwanza nanusa. Pili natia maua manne kwenye glasi ya maji ya moto, nasubiri, natazama chini. Nikiona mchanga umetuama, sinunui, hata rangi iwe nzuri kiasi gani. Mteja akitafuna mchanga harudi. Kwa hiyo chandarua cha fundi msikipuuze. Na mifuko ya kuonyesha ndani ikikaa dukani juani inapauka, weka kwenye boksi.

mama_nyemo
Wadau, nimerudi baada ya siku kumi na moja. Kichanja kimesimama nyuma ya nyumba, kijana wangu ndiye aliyekata miti. Niliingiza kilo 6 za maua yaliyopasuliwa. Siku ya nne mizani ilisoma gramu 900, nikataka kufungasha, nikakumbuka chupa. Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu wa maji upande mmoja, ukiupitisha kidole unaacha mstari. Nikarudisha kichanjani siku mbili zaidi, zikashuka hadi gramu 610. Leo ni siku ya tano ndani ya chupa, kioo kikavu, na harufu ni ile kali ya choya yenyewe.

juisi_majengo, Jumamosi nakuja sokoni na nusu kilo. Andaa glasi yako.

juisi_majengo
Karibu mama. Ukifika kabla ya saa nne utanikuta upande wa matunda.