Kundi la WhatsApp la vijana limegeuka uwanja wa matusi. Nilifunge?

Mlezi_wa_Vijana: Wakuu, nisaidieni. Nalea vijana wa jamii mbili zisizopikika chungu kimoja. Tuliwaweka kundi moja la WhatsApp ili wazoeane. Sasa kila ikizuka rabsha, picha za miaka iliyopita zinasambazwa kama za leo. Nimewaletea wahamasishaji wa amani. Wanapigiwa makofi, usiku matusi yanaendelea.

Chaki_Mkononi: Usilifunge. Watahamia makundi usiyokuwemo, na huko hakuna wa kuwauliza "hii umeitoa wapi?" Mimi ni mwalimu, na hotuba za amani zimenichosha hata mimi (na wakati mwingine mhutubu ni mimi mwenyewe). Wape kazi inayowalazimu kutegemeana. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipochanganya wanafunzi wa rangi tofauti na uhasama ukapanda, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waligawa somo vipandevipande. Kila mwanafunzi alikuwa na kipande chake cha kuwafundisha wenzake. Ukimdharau mwenzako, kipande chake unakikosa, na mtihani unakungoja.

Kwenu kipande kiwe uhakiki. Picha ikiingia, kijana wa upande huu aitafute mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe, aone ilionekana lini mara ya kwanza. Wa upande ule apige simu eneo linalotajwa. Jibu litoke kwa majina yao wote wawili. Aliyeileta asizomewe, la sivyo kesho ataipeleka kwingine.

Bando_Limeisha: Wafundishe pia ile alama ya mishale miwili: ujumbe umepita mikono mingi. Na wenye vitochi msiwasahau. Ile tovuti iitwayo Ushahidi, iliyoonyesha kwenye ramani taarifa za ghasia za Kenya baada ya uchaguzi, mwaka 2008, ilipokea taarifa hata kwa SMS.

Mlezi_wa_Vijana: Na wakigoma kufanya kazi pamoja?

Chaki_Mkononi: Watagoma, ukianza na kidonda chao. Anza na video ya mafuriko ya nchi ya mbali, isiyomhusu yeyote. Wakishazoea kubishana kwa ushahidi, ndipo mguse yenu. Wasimamizi wa kundi wawe wawili, mmoja kila upande, na asiwepo wa kumfuta mwenzake. Ila likija tishio la kumdhuru mtu, usiwaachie vijana walichunguze. Hilo lipeleke kwa vyombo vya usalama siku hiyohiyo.