Tupeane uzoefu: mliotengeneza mifumo ya kompyuta na mliotengenezewa, hapa Dodoma mliishi nayo vipi?

Karani wa Mapokezi

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kituo cha afya ndani ya mkoa wetu wa Dodoma, mwaka wa tisa huu. Nilianza na rejesta za karatasi za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kisha ikaletwa kompyuta na mfumo wake. Siku tunauwasha, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi aliyeshikwa mkono na mjukuu. Jina likaingia. Mfumo ukataka tarehe ya kuzaliwa: siku, mwezi na mwaka. Bibi akanijibu, "Mwanangu, wakati wa Operesheni tunahamishiwa kijijini, mimi nilikuwa nimeshaolewa."

Hilo ni jibu kamili. Operesheni Dodoma ilikuwa 1971, ningekadiria miaka sabini na kitu kwenye rejesta na bibi angepita. Mfumo ukagoma kufungua ukurasa wa pili. Foleni ilishafika chini ya mwarobaini nje, mtoto mmoja anachemka homa. Nikaweka 01/01 na mwaka wa kubahatisha. Mwisho wa mwezi karibu wazee wetu wote walikuwa wamezaliwa Januari mosi.

Kwenye kikao cha kukusanya mahitaji aliitwa mganga mfawidhi na mhasibu, na walikuwa na ya kusema kweli. Ila mimi ninayebonyeza kuanzia saa moja na nusu asubuhi sikuitwa. Nikaanzisha kauntabuku ya pembeni: umri wa kukadiria, kitongoji, na simu ya jirani kwa asiye na simu. Nikawa naificha chini ya kibodi.

Mwezi wa nne akaja kijana wa mfumo kurekebisha printa, akaiona. Nikajua nimekwisha, atanishtaki kwamba nauhujumu mfumo. Akasema, "Dada, naomba niisome." Akavuta kiti, akakaa pembeni yangu mpaka saa tisa alasiri, anaangalia tu na kuandika. Wiki mbili baadaye pakatokea kisanduku kipya: umri wa kukadiria.

Ndiyo maana nimeleta uzi. Watumiaji na watengenezaji, semeni yaliyowakuta. Majina ya ofisi na ya watu tuyaache.

Mzani wa Kongwa

Asante kwa uzi dada. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi, msimu ukifika nashinda Kibaigwa na vijiji vya jirani. Kuna ghala walileta mfumo wa kupokea mzigo, kisanduku kimoja tu: idadi ya magunia. Ndani wameshaweka kwamba gunia ni kilo 100. Njoo sasa upande wa mzani: hili kilo 94, lile 108, na lumbesa ndiyo usiseme. Mkulima anaona kwa macho yake mzani umesoma kilo 1,046 kwa magunia kumi, risiti inatoka imeandikwa 1,000. Nimeshuhudia mzee akikataa kuondoka na risiti ile, akakaa juu ya magunia yake hadi jioni. Alikuwa na haki.

Aliyeulizwa ni meneja, na kwenye hesabu zake za ofisini gunia kweli ni 100. Mpima hakuulizwa. Mpaka leo hakijarekebishwa, kila mpima ana daftari lake.

Fundi Mifumo

Wakuu, mimi niko upande wa pili wa meza. Nilisoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na nimebaki hapahapa mjini.

Kosa langu ni hili. Nilitengeneza mfumo mdogo kwa kikundi cha wakulima wa zabibu: nani kaleta kilo ngapi, anadai kiasi gani. Mimi ni mtoto wa Kagera, nimekulia kwenye kahawa, kichwani mwangu mazao yana msimu mmoja. Nikaupa kila mkulima nafasi moja ya mavuno kwa mwaka. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka! Mavuno ya pili yalipoanza kuingizwa, yakafuta ya kwanza kimyakimya, na baadhi ya watu walikuwa bado hawajalipwa.

Kilichotuokoa ni daftari la mama mtunza vitabu. Alikuwa hajaliacha hata siku moja, na mimi nilikuwa nimemshauri mara mbili aliache. Tulikaa siku tatu, yeye anasoma mimi naingiza. Jina, kilo, tarehe. Siku ya pili akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa nini hukuuliza tunavuna lini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeuliza wanataka ripoti gani.

Tangu hapo siandiki programu kabla ya kuchora. Nachora kurasa za mfumo kwenye karatasi za manila, nakata visanduku, nampa anayefanya kazi avipange mwenyewe huku akinisimulia siku yake. Nilidhani nimegundua jambo jipya, kumbe Wanorwe na Waswidi walianza zamani. Miaka ya 1970 Kristen Nygaard, mmoja wa waliobuni Simula, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwe ili wenyewe wawe na sauti kuhusu kompyuta zinazoingia viwandani. Kisha kuanzia 1981 ukaja mradi wa UTOPIA, pamoja na wapiga chapa wa magazeti. Mashine waliyokuwa wanaifikiria ilikuwa haipo, wakaweka boksi tupu la karatasi mezani, wakaliita printa, na mafundi wakafanya kazi kana kwamba ni la kweli. Boksi tupu! Mtu asiyejua kompyuta anaweza kulisogeza na kusema hapa linanizuia mkono.

Mtakwimu

Niongezee kwa mleta uzi kwa kuwa ni wa afya. DHIS2, programu ya kompyuta tunayoingizia takwimu za MTUHA, mizizi yake ni Afrika Kusini baada ya 1994. Watafiti, baadhi wakitoka Oslo, walikaa na wahudumu wa afya wa Cape Town, wakaanza kwa kubishana ni takwimu zipi zinahitajika na zipi ni mzigo. Kompyuta ikafuata. Mimi naona ubishi ule ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Mtoto wa Area D

Nawaheshimu, lakini sikubaliani na yote. Natengeneza mifumo pia. Nimewaita watumiaji wenyewe, siyo mabosi, siku mbili za semina. Kila nikiuliza "hapa pako sawa?" wanajibu pako sawa. Mfumo ukiwashwa, malalamiko kurasa sita. Mkataba una tarehe, na hela ya kurudia hakuna. Mtumiaji naye aseme mapema.

Karani wa Mapokezi

Kaka wa Area D, nimekuelewa na machungu yako ni ya haki. Ila nikuulize: kwenye semina ile bosi wao alikuwa amekaa wapi? Kwetu alikaa mstari wa mbele. Nikinyoosha mkono kusema sijaelewa, ni mimi tena ninayesubiri barua ya likizo kutoka kwake. Ukiniuliza mbele yake nitasema pako sawa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni hawaonekani ukumbini. Njoo dirishani Jumatatu, siku ya kliniki ya mama na mtoto, saa nne. Hutahitaji kuniuliza kitu.

Na Fundi, hiyo ya manila nimeipenda. Simu ya jirani bado haina kisanduku kwenye mfumo wetu, na wagonjwa wengi hatuwapati majibu ya vipimo yakitoka. Kijana wetu anarudi mwezi ujao. Leo jioni nanunua manila mbili.